Kilo za Mzee Chandrakant

Tangu anunue pikapu, Faustine Rwegasira alikuwa amezoea kwamba mtu akipiga simu akaanza kuulizia afya ya mkewe, kisha ya binti yake, kisha habari za Bukoba, anayetafutwa si yeye. Inatafutwa pikapu. Alikuwa ameshahamisha makochi ya nusu ya waumini wa kanisa lao pale Thornton Heath, kusini mwa London, na friji, na vitanda, na mara moja piano ambayo mwenyewe hakujua kuipiga. Hakuwahi kumwambia mtu hapana. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mgongo ulimuuma kutoka kiunoni hadi nyuma ya goti la kulia, na kazini hospitalini kutwa nzima alisukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodi hii kwenda ile.

Kwa hiyo Jumatano ile, Mzee Chandrakant alipopiga na kuanza kumuulizia Winifrida, Faustine alikaa kwenye ngazi za nyumba yake, akavua viatu, akasubiri.

"Ile karavani yangu unaikumbuka?" mzee akasema mwishowe. "Ipo hapa nje bado. Nataka unikokotee mpaka Kent, ufukweni, Jumapili. Nipumzike wiki mbili kabla sijahamia kwa binti yangu Leena."

"Sawa, mzee," Faustine akasema, kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu.

Walijuana hospitalini. Miaka minne nyuma Faustine alikuwa akifanya kazi upande wa Harrow, kaskazini mwa London, na mara tatu kwa wiki alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu Bi Sudha, mke wa mzee, kwenda kusafishwa damu. Siku ya kwanza alimsikia yule mama akimwambia mumewe kwa Kiswahili cha Mwanza kwamba huyu msukumaji amechoka, mpe peremende. Faustine akajibu kwa Kiswahili kwamba peremende atachukua. Tangu siku hiyo wakawa watu wake. Bi Sudha alipofariki, Faustine alikuwa miongoni mwa watu waliobeba jeneza.

Basi haikuwa rahisi kusema hapana.

Usiku huo Winifrida, ambaye naye alikuwa ametoka kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu siku nzima, alimsikiliza huku akikanda miguu yake mwenyewe.

"Baba Angel, Jumapili ndiyo siku yako pekee ya kulala."

"Najua."

"Na hiyo nyumba ya magurudumu, pikapu itaiweza?"

"Pikapu inavuta tani tatu. Karavani haifiki hata tani mbili."

Alisema hivyo, lakini hakulala vizuri. Ujanani alikuwa utingo wa lori la kahawa, na aliwahi kuona kwenye mteremko tela likilisukuma lori lililokuwa likilivuta, mpaka vyote viwili vikalala ubavu korongoni. Dereva alikuwa rafiki yake. Tangu hapo alijua kwamba gari kuwa na nguvu za kuvuta ni jambo moja, na gari kuweza kukituliza kile linachokivuta ni jambo lingine.

Alhamisi zamu yake ilikuwa ya usiku. Alivuka London yote na pikapu, muda wa karibu saa mbili kwenye foleni, akafika Harrow saa nne asubuhi. Nyumba ya mzee ilikuwa imeshabandikwa kibao cha kuuzwa. Karavani ilikuwa pembeni, imeota ukungu wa kijani kwenye kona.

Mzee Chandrakant alitoka na sweta lake la kahawia, miaka themanini na moja, mwembamba, amenyooka.

"Ifunge tu tuone," alisema. "Leena anasema pikapu kama hii inaweza kuvuta nyumba yenyewe."

"Tuangalie kwanza, mzee."

Faustine alifungua mlango wa pikapu akasoma kibati kilichopigwa kwenye fremu, kile chenye uzito ambao kiwanda kimeruhusu. Tani tatu, kama alivyosema. Hapo hapakuwa na tatizo. Kisha akapiga magoti, goti likamkatalia, akakaa kabisa chini, akasoma kibati cha chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya gari. Chuma kile kiliruhusu karavani ikilalie kwa kilo mia moja, si zaidi. Akatambaa hadi kwenye matairi ya karavani. Kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa nene, zinang'aa kama mpya, lakini namba nne zilizochapwa ubavuni zilisema yalitengenezwa wiki ya kumi na nne ya mwaka 2011.

"Haya matairi hayatoki hapa, mzee."

"Hayajatembea hata."

"Ndiyo sababu. Yamezeeka yamekaa. Yatapasuka barabara kuu."

Mzee akasema sawa, atamwita fundi wa matairi aje nayo mapya. Alikubali upesi mno, kama mtu anayetaka maswali yaishe.

Karibu na mlango wa karavani kulikuwa na kibati cha tatu. Hiki ndicho alichokitafuta Faustine. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na kilo elfu moja mia mbili na sabini, na pamoja na kila kitu ndani yake haikupaswa kuzidi elfu moja mia nne na hamsini. Maana yake mzee aliruhusiwa kilo mia na themanini za vitu. Mtungi wa gesi na betri peke yake vingekula hamsini.

"Nina nguo mbili tatu na sufuria," mzee akasema.

Faustine aliomba mizani ya bafuni. Akaiweka chini ya pua ya karavani, akasimamisha juu yake kipande cha mti, akaishusha pua polepole mpaka ikalalia ule mti. Sindano ikapanda hadi mia moja thelathini na mbili, ikatulia hapo.

"Mzee, kuna nini humu ndani upande wa mbele?"

Mzee alitoa ufunguo mfukoni, akampa, akaenda kusimama karibu na ua.

Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Kulikuwa na masanduku mpaka dirishani. Faustine alisimama mlangoni muda mrefu, mkono kiunoni, akihisi uchovu wa wiki nzima ukimshukia mabegani. Kisha akaanza kutoa. Njia ilikuwa moja tu: apande mizani akiwa amebeba kitu, atoe kilo zake mwenyewe sabini na nane, aseme namba, mzee aandike nyuma ya bahasha. Cherehani ya mkono ya Bi Sudha, kilo kumi na nne. Jiwe la kusagia viungo na mchi wake, kumi na tisa. Masufuria ya chuma, ishirini na tatu. Blanketi kumi na moja. Masanduku mawili ya sari. Albamu za picha. Vitabu vya dini vilivyofungwa kwa kitambaa chekundu. Hita mbili. Koti la baridi kali, na buti zenye manyoya ndani.

Alipolishika lile koti, Faustine alisimama. Ilikuwa mwezi wa sita, kiangazi cha Uingereza.

"Mzee," alisema, "wiki mbili?"

Mzee Chandrakant aliendelea kuandika, ingawa hakuna namba iliyokuwa imetajwa.

"Leena amenitengenezea chumba," akasema baadaye. "Chumba kizuri. Kina televisheni. Mjukuu amenichorea picha mlangoni. Wote wanaondoka saa moja asubuhi, wanarudi saa kumi na mbili. Nitakaa mule kama mzigo uliohifadhiwa. Kule pwani mimi na Sudha tulienda kila kiangazi miaka ishirini na miwili. Watu wa pale wananijua jina."

"Kwa hiyo hurudi."

"Sirudi."

"Na Leena hajui."

"Leena atajua nikishafika."

Faustine alikaa kwenye kidato cha karavani. Alitamani kulala palepale, juu ya yale mawe ya uani. Aliichukua bahasha akajumlisha mara mbili. Kilo mia nne na kumi na mbili.

"Siwezi kuivuta hivi," akasema. "Ikiyumba kwenye upepo itanigeuza, na nyuma yangu barabarani kuna watu wengine na watoto wao."

"Punguza mwendo."

"Hata kwa mwendo wa mguu, mzee. Ni hapana."

Neno lilitoka kwa sauti ya chini, bila hasira. Alishangaa kwamba mzee hakukasirika pia, aliitazama bahasha tu.

"Na hata tukipunguza vitu," Faustine akaendelea, "sikupeleki kwa siri. Leena akipiga simu kuniuliza baba yake yuko wapi, nitamjibu nini? Mimi ndiye nimekupeleka. Mwambie, kisha nitakuja Jumapili."

"Atalia."

"Alie ukiwa mbele yake."

Mzee alikaa naye kwenye kidato, wamebanana, wanatazama vyombo vilivyotapakaa uani kama vya mnada. Kisha akatoa simu, akampigia Leena.

Leena alifika saa saba, bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Alikuwa ameelewa nusu kabla hajashuka garini, kwa kuyaona masufuria ya mama yake chini. Alizungumza na baba yake Kigujarati, kwa kasi, kisha Kiingereza. Faustine alienda kukaa ndani ya pikapu akafunga kioo. Aliona Leena akifuta macho kwa mkono wa shati. Aliona mzee akimwonyesha ile bahasha, na Leena akiisoma kitu kwa kitu, mpaka kwenye koti.

Alipokuja kugonga kioo, sauti yake ilikuwa imekauka. Kiswahili alikielewa, lakini alimsemesha kwa Kiingereza kama kawaida yake.

"Ile sehemu ya karavani kule pwani inafungwa mwezi wa kumi na moja," alisema. "Hakuna anayeruhusiwa kukaa wakati wa baridi. Alilijua hilo. Amenunua koti akilijua."

"Pole, dada."

"Nimemwambia akae mpaka mwezi wa kumi. Nitakwenda kila Jumamosi. Halafu anakuja kwangu, na mimi nitapunguza siku za ofisini." Akavuta pumzi. "Vitu vya mama nitabeba mimi. Kinachobaki kinaweza kuwa kilo ngapi?"

"Mia na thelathini, bila kuhesabu gesi na betri. Vizito viwe juu ya ekseli, pale kwenye magurudumu, si mbele."

Walivipanga pamoja, watatu, mpaka saa kumi jioni. Mzee alibakiza cherehani, akatoa hita. Jiwe la kusagia Leena alilipakata mwenyewe hadi kwenye gari lake. Walipopima pua tena, sindano ilisimama kwenye tisini na moja.

Jumapili Faustine aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alipofika Harrow, matairi mapya yalikuwa yamefungwa. Aliongeza vioo virefu pembeni, akafunga mnyororo wa tahadhari, akamwambia mzee ajaribu kila taa huku yeye akiangalia nyuma. Waliondoka mwendo wa maili hamsini kwa saa, malori yakiwapita moja baada ya jingine, na kila lilipopita karavani ilivutwa kidogo kisha ikarudi. Juu ya daraja la Dartford upepo uliipiga ubavuni, Faustine akahisi mkia wa pikapu ukisukumwa kushoto. Hakukanyaga breki. Aliachia mafuta tu, akashika usukani sawa, akahesabu pumzi. Ikatulia. Mzee Chandrakant hakuwa amegundua, alikuwa akihadithia habari za samaki wa kukaanga wa kule pwani.

Walifika kabla ya saa sita. Mwanamke mwenye mbwa alimwita mzee kwa jina, akauliza Sudha yuko wapi, na mzee akamweleza, wakasimama pamoja nje huku upepo ukipiga nguo zao. Faustine alifungua mnyororo, akateremsha miguu ya karavani, akaisawazisha. Akaingia ndani kuweka mtungi wa gesi, akakaa kitandani ili anyooshe mgongo dakika moja.

Alipozinduka, jua lilikuwa upande mwingine wa dirisha na alikuwa amefunikwa blanketi. Kwenye simu kulikuwa na jumbe mbili za Winifrida. Nje, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, kikombe mkononi, amewapa mgongo majirani wote, akitazama maji.

"Saa ngapi, mzee?"

"Saa tisa. Nimempigia mama Angel, nimemwambia umelala." Mzee hakugeuka. "Chai ipo. Kunywa, kisha lala tena kama unataka. Leo hakuna anayehama."