Antivole za Mama Germaine

Mjini Kindu, nondo za dirishani huitwa antivole, yaani kinga ya wezi, na siku hizi nyumba isiyo nazo huhesabiwa kuwa ya mama aliyetupwa na wanawe. Jérémie hakutaka kusemwa hivyo. Biashara yake ya madini kule Kampene ilikuwa imemnyookea, basi akarudi nyumbani, mtaa wa Kasuku, na saruji, nondo na fundi wa kuchomea vyuma, akaapa kwamba kila dirisha la mama yake litafungwa.

Mama Germaine hakuwa ameomba. Wezi hawakumkosesha usingizi. Tangu vita alitaka kujua jambo moja tu: alipo mumewe, Louis. Alfajiri ile wenye bunduki walipogonga mlango wa mbele, Louis aliruka dirisha la chumbani, upande wa migomba. Ukasikika mlio mmoja. Germaine alipothubutu kutoka alikuta damu kwenye majani, maiti haipo. Bila maiti, wakwe zake walikataa kukaa matanga. Baadaye wakaeneza maneno kwamba Louis yuko Lubutu na mwanamke mwingine. Watu wana midomo, na midomo ya ukoo ndiyo inayouma. Akabaki si mke, si mjane.

Dirisha lile aliliziba kwa matofali kabla vita haijaisha, akapiga lipu, akapaka chokaa ndani na nje. Jérémie alikuwa bado ananyonya. Amekua akiujua ukuta tu.

Fundi aliitwa Dieumerci, mtu mzima, mpole wa maneno. Hakuficha kwamba ufundi aliupata siku aliporudisha bunduki, maana walioweka silaha chini walifundishwa kazi na kupewa mashine ya kuchomea. Ndiyo haki yetu hiyo: aliyevunja mlango hupewa mashine, aliyevunjiwa hununua nondo. Lakini Germaine hakumchukia kwa hilo. Nusu ya mji ina mtoto aliyebeba bunduki. Aliketi uani akiparua samaki wa kumpikia fundi, na Jérémie alikuwa ameenda sokoni kutafuta saruji nyingine.

Dieumerci alipima madirisha ya mbele, akapima la jikoni, akazunguka nyuma. Alikuwa akivuta kipimo huku akiongea.

"Mama, na hii ya chumba tunaiweka namna gani?"

"Hii gani?"

"Dirisha ya huku nyuma."

Kisha akainua macho, akaona ukuta mtupu. Akaanza kukunja kipimo chake.

Germaine alisimama, kisu cha samaki mkononi. "Hata Jérémie hajue kama hapa ilikuwa dirisha," alisema. "Wewe uliiona wapi?"

Dieumerci aliangalia migomba. "Mama, nilikuwa mutoto. Waliniambia: simama hapa, muntu akitoka, piga."

"Sikuulize nani alipiga. Mulimuweka wapi?"

"Mu maji," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ile wote tuliwatupa mu Lualaba."

Miaka yote hiyo Germaine alikuwa akiwasimamisha wasafiri wa Lubutu na kuwauliza habari, kumbe mumewe yuko hapo chini, kwenye maji anayofulia nguo. Alitaka kumchoma kisu. Lakini ndani ya hasira hiyo moyo ulimtua, kwa kuwa sasa alikuwa mjane kama wajane wengine, na kitulizo hicho kutoka kwa mtu huyu alikichukia kuliko kitu chochote.

"Kazi hii nitakufanyia bure, mama."

"Hapana. Malizia, Jérémie akulipe. Miye sitaki kitu yako."

Hakumwambia mwanawe. Jérémie ana hasira za baba yake. Angeokota nyundo, na Germaine angebaki akimpelekea chakula gerezani.

Jioni kila dirisha lilikuwa na nondo zake. Jérémie alizitikisa kwa mikono miwili, akaridhika, akamshika fundi mkono na kumshukuru sana.

"Mama, sasa mwizi hana njia."

"Iko nayo," alisema Germaine. "Anapita kwa mulango, na ni wewe unamukaribisha."

Jérémie alicheka, akidhani ni utani wa kizee. Kisha akamwambia Dieumerci anawe mikono aingie ndani, samaki wako mezani.