Ng'ombe Mwenye Mabawa Mnadani Chemba

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya swali la Claudette. Claudette ni mchoraji mweusi, mzaliwa wa London. Bibi na babu zake walitoka Jamaika, na kabla yao hakuna ajuaye ukoo ulichukuliwa kutoka wapi. Alipokuja kutufundisha walimu wa sanaa, aliniachia picha zake zilizochapwa kwenye vitambaa vikubwa, niwaonyeshe watu wa vijijini.

"Ester, niletee jibu la kweli," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Wakiziona, wataniona mtu wao au mgeni?"

Mwalimu mwenzangu alinicheka, eti wafugaji watake picha za nini. Mimi nilishaamua, na nikishaamua sirudi nyuma.

Asubuhi nilipanda basi la Kondoa. Tulipita Msalato, tukapita Mayamaya, mabua ya uwele yamesimama makavu mashambani. Kondakta alitaka vitambaa vyangu viende kwenye buti. Nikamwambia aanze kuniweka mimi. Nilivipakata mpaka mwisho wa safari.

Chemba nilipokewa na Mama Rehema, Mrangi auzaye vitenge mnadani. Mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Jioni nilimtandikia picha sebuleni. Moja ni ya mwanamke ambaye nywele zake zimekuwa mto, na ndani ya mto kuna nyumba zilizowashwa taa. Nyingine ni ya ng'ombe mwenye mabawa anayeruka juu ya bahari, mgongoni kabeba watu waliolala.

"Nzuri. Nzuri sana, mwalimu," alisema. "Sasa zikunje, nataka kuswali. Hapa pasikae sura."

Nilizikunja, lakini roho iliniuma. Hivyo ndivyo tunavyosifu chakula alichopika mgeni hata kama chumvi imezidi. Nikaona jibu la Claudette linakuja, na si zuri.

Kesho yake, siku ya mnada, tulizitundika kwenye kamba ya Mama Rehema, katikati ya vitenge. Watu walipita tu. Kisha mzee mmoja wa Kigogo, aliyekuja kuuza mitamba, akasimama mbele ya yule ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kamchora huyu?"

"Dada mmoja wa Uingereza, mweusi kama sisi. Wazee wake wa zamani walichukuliwa utumwani."

Alisogea karibu na kitambaa. "Mbona hana nundu?"

"Lakini mzee, huyu ana mabawa!"

"Mabawa nimeyaona. Watu wamechoka, wanarudi kwao, bila mabawa atawavushaje bahari? Mimi nauliza nundu."

Mfugaji mwingine akadakia kwamba nundu ingewasumbua waliolala. Mzee akamkatalia: wangeegemea nini, basi? Watu wakajaa, kila mmoja na lake. Nilikuwa nimejiandaa kuwafafanulia picha, na hakuna aliyenihitaji. Mama Rehema naye akaacha kupima kitenge.

"Hata mimi jana niliona, nikaona haya kusema," alisema. "Yule mtoto wa mwisho hapo mgongoni ataanguka. Mama yake kalalaje bila kumfunga mbeleko?"

"Mwambie huyo binti arudie," mzee aliniagiza. "Nundu ikimshinda, aje atazame ng'ombe wangu."

Nilirudi nyumbani Chang'ombe ya Dodoma kesho yake, furaha imenijaa, na kabla sijavua viatu nilimpigia Claudette. Nilimweleza yote, sikupunguza neno. Safari hii imenifundisha kwamba kwetu sifa ni za mgeni.

"Mnada mzima hakuna aliyekusifu," nilimwambia. "Wamekugombeza kama binti yao."

Nikamsikia analia. Na huku bado analia, akaniuliza mbeleko inafungwaje.