Dira ya Rajabu Juu ya Sanduku la Bati

Enzi zetu, sisi watoto wa Koboko, Uganda, karibu na mpaka wa Sudan, tuliijua bahari kuliko watu wa pwani, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Mwalimu wa jiografia alitujaza habari za maji kupwa na kujaa, pepo na mawingu, na jinsi nahodha anavyoshika njia kwa dira pale nchi kavu inapopotea machoni. Tukitoka shule, midomo ikinukia ufuta tuliouita simsim, tulikimbilia kwenye majani marefu, na hiyo ndiyo ilikuwa bahari yetu. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Sudan, na majani yalikuwa yamemeza vijia vyote, hata wazee walibishana njia ya zamani ilipita wapi. Watoto wa siku hizi wangelia kwa kukosa mtandao.

Nahodha wetu alikuwa binamu yangu Rajabu, kwa kuwa baba yake, askari mstaafu, alikuwa na dira ya jeshi. Rajabu aliiomba kila siku mpaka mzee akachoka akampa.

Siku ya harusi ya dada yangu Zainabu, fundi cherehani wa mjini alichelewa kumaliza gauni. Bibi harusi alikuwa kwa shangazi Mariamu, kule Ludara, akisubiri. Watu wa bwana harusi wangefika adhuhuri, na bila gauni asingeweza kutoka mbele yao. Mama akalikunja gauni ndani ya sanduku la bati, akalifunga nyuma ya baiskeli, akatukabidhi mimi na Rajabu.

“Fuata barabara tu,” akasema. “Nyinyi nasikia? Barabara!”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulipotoka mjini Rajabu akatangaza kwamba barabara inazunguka bure, nyumba ya shangazi iko kaskazini, tukate majani moja kwa moja. Jua lilikuwa limefichwa na mawingu, lakini nahodha ana shida gani na jua? Akaiweka dira juu ya sanduku, tukasukuma baiskeli.

“Kaskazini iko mbele,” akasema.

Tukapinda kukwepa kichuguu. Kaskazini bado iko mbele. Tukapinda tena kukwepa matope. Iko mbele! Nilipouliza inakuwaje, Rajabu alinijibu kwamba nahodha hodari hufuatwa na kaskazini.

Baadaye tukaona alama za matairi ya baiskeli. Rajabu akafurahi kwamba kuna mtu ametangulia. Nikaziangalia vizuri: zilikuwa zetu. Upepo ukageuka baridi, mawingu yakawa meusi, nikaanza kulia. Katika mawazo nilimwona dada yangu amejifungia chumbani, wageni wakinong'ona. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi tulikuwa na mmoja tu, na chombo kilienda mrama vilevile.

Ndipo upepo ukatuletea sauti.

“Watoto iko wapi? Gauni ya mutoto yangu iko wapi? Leo mimi nachapa mutu!”

Shangazi Mariamu! Nikamwambia Rajabu atie dira mfukoni. Sauti ikififia, tulijua tumekosea, tukarudi; ikipanda, tukasukuma kwa nguvu. Na yeye aligomba bila kupumzika, Mungu amrehemu. Tulitokea nyuma ya jiko lake pamoja na matone ya kwanza ya mvua. Alitupa kofi moja moja, kisha mandazi, akakimbia ndani na gauni, likiwa kavu kabisa. Zainabu alipotoka, alikuwa amependeza mpaka nikasahau shavu langu.

Tulipomsimulia baba yake Rajabu, alicheka mpaka akakaa chini. “Sindano napenda chuma! Wewe naweka juu ya bati, karibu na baiskeli. Iko naangalia baiskeli tu!”

Siku hizi barabara ya Ludara ni pana, na wanangu hawaendi hata dukani bila kuuliza simu. Mama mmoja mpole ndani yake anawaambia wageuke kushoto, wageuke kulia, wala hapandishi sauti. Hatupotei. Lakini lile jiko limebomoka, na shangazi amelala kaburini miaka mingi sasa. Tulipokwenda huko mwezi uliopita tulichelewa sana, nikashuka kwenye gari, nikasimama kidogo. Hakuna aliyetugombeza.