Maziwa ya Kiwanjani

Mwaka ule runinga ilipowekwa juu ya friza katika kibanda chetu cha maziwa, wanawake wa mtaa wetu wa Kiwanjani walishikwa na ugonjwa mmoja: tamthilia ya Kifilipino. Ilianza mara tu baada ya swala ya magharibi, imetiwa sauti za Kiswahili cha Tanzania, na ilihusu ukoo mmoja tajiri wenye mashamba ya miwa, hoteli, meli na kiti cha umeya. Baba wa ukoo alikuwa na nyumba mbili. Watoto wa nyumba ya kwanza walikula vinono, wa nyumba ya pili walikula maneno, na wote walikitaka kiti kile kimoja. Mtu akizabwa kofi huko Manila, huku kwetu wanawake kumi wanashika mashavu.

Ayo, yaani mama yangu, hakuwa mtazamaji. Yeye alikuwa akisugua mitungi. Lakini jioni moja aliinua kichwa, akamwona yule mke wa kwanza akishuka ngazi na mikufu yake yote, akauliza, "Hawa watu wa Ufilipino, nani aliwaambia maneno ya kwetu?"

Tulicheka hadi mtu akamwaga chai. Mimi nilicheka na wenzangu, kisha nikakasirika, kwa sababu ilikuwa kweli tupu.

Babu mzaa baba alifika Isiolo na bunduki ya Mwingereza begani. Vita alivyompigania Mwingereza vilipokwisha aliambiwa akae, akakaa. Alianza na punda wawili na duka la sukari na majani ya chai. Baba akaja akaongeza lori moja la kubeba mbuzi na ng'ombe kutoka Garbatulla, enzi ambazo barabara ile ilivunja chuma na mgongo wa dereva vilevile. Lori likazaa malori, malori yakazaa kituo cha mafuta, kituo kikazaa duka la vifaa vya ujenzi. Halafu ukoo ukaonja siasa. Baba mdogo aliwahi kuwa diwani, na tangu hapo watu wetu waliamini kwamba kiti cha wadi kilipimwa kwa makalio ya kwetu, na mtu mwingine akikikalia kitamfinya.

Mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, aliishi mjini katika nyumba ya ghorofa yenye mlango wa mbele wa mbao nzito zilizochongwa maua. Ayo alikuwa binti wa wafugaji wa Garbatulla, mke wa pili, akawekwa Kiwanjani. Sheria haikuandikwa popote ila tuliijua: sisi wa Kiwanjani, Ayo na mabinti zake, tukienda nyumba ya mjini, tunapitia mlango wa jikoni. Iwe Idi, iwe harusi, iwe msiba, ni jikoni. Watu walituita nyumba ndogo, na kila anayejua Kiswahili analijua tusi lililomo ndani ya neno hilo. Ayo aliolewa kwa nikaha na mashahidi, na mahari yake ilifika kwao Garbatulla ikitembea kwa miguu yake minne. Nyumba ndogo! Hadi leo nikilisikia natamani kumrushia mtu kiatu.

Basi mimi nilikua na haja moja moyoni. Sikutaka malori wala ghorofa. Nilitaka mama yangu apite mlango ule wa maua mchana, watu wakiona, kama mwenye nyumba anavyopita.

Kazi yake ilikuwa maziwa ya ngamia. Ngamia wake wachache walichungwa na ndugu zake Garbatulla. Alituma mitungi mitupu jioni, ikarudi imejaa asubuhi, akayaonja maziwa, akayapoza, mengine yakapanda basi la Nairobi. Sifa yake hasa ilikuwa kwenye mtungi. Maziwa ya ngamia hutiwa katika chombo kilichofukizwa moshi ili yasiharibike njiani. Wanawake wengine hutia kijinga cha moto, hufunika, hutikisa, basi. Ayo alifukiza mara mbili kwa kuni za mutamaiyo, yaani mzeituni wa mwituni, na masizi hakuyafuta yote. Maziwa yake yalikuwa na chembe nyeusi na harufu ambayo ukishaizoea, ya wengine unaona kama maji ya kusuuzia kikombe.

Mteja wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa mzee mmoja wa ukoo wa baba, mchungaji wa ngamia wa zamani ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha. Aliketi kwenye benchi letu, akanywa kikombe kimoja, akamwombea Ayo afya, akaenda zake. Huyo ndiye aliyekuwa akiwaombea watu wa ukoo kabla ya safari, ndoa na uchaguzi. Watu wa nyumba ya mjini walimwona kwenye hafla tu. Hawakujua anakunywa wapi.

Uchaguzi ulipokaribia, kaka yangu wa nyumba ya mjini alitangaza kuwa anakitaka kiti cha wadi. Alikuwa na gari jeupe na mabango yenye uso wake tayari. Shida ni kwamba wanawake wanaouza maziwa walikuwa wameshanitaja mimi. Nilikuwa nimewahangaikia hadi wakapata friza, nimegombana na watu wa ushuru sokoni, na mdomo wangu haukuhitaji kipaza sauti. Nikaenda dukani kumwambia baba. Alinisikiliza huku akipanga makufuli kwenye rafu.

"Ukoo haiwezi kutoa watu wawili," akasema. "Tukigawa kura, tunapea watu wengine kiti bure."

"Basi toeni mimi, aabo."

Alinitazama, wala si kwa ubaya. "Wazee wataombea kaka yako Ijumaa baada ya alasiri. Wewe na mama yako mkuje mapema, kuna kazi jikoni."

Jikoni! Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu binti hafanyi. Kaka alikuwa nje, ameegemea gari lake. "Dada," akasema akitabasamu, "maziwa haipigi kura." Nilimjibu neno ambalo siliandiki hapa.

Dua yetu ina desturi yake. Anayeombewa huleta maziwa ya mifugo wake mwenyewe. Mzee hushika kikombe, huuliza mbele ya watu maziwa yametoka kwa nani, na dua huenda kwa nyumba inayotajwa. Swali lenyewe huwa la kawaida tu, kama kumuuliza bwana harusi kama amekubali. Hakuna aliyewahi kulikosea.

Lakini nyumba ya mjini haikuwa na maziwa tena. Utajiri ulikuwa umewala ngamia wao mmoja mmoja: huyu akawa tairi, yule akawa injini, wa mwisho akawa paa la kituo cha mafuta. Mama mkubwa angeweza kumwomba Ayo mtungi mmoja. Angekufa kwanza. Alimtuma mtu sokoni asubuhi na sharti kwamba asinunue kwa mtu yeyote wa Kiwanjani. Yule akanunua kwa mchuuzi aliyeapa kuwa maziwa yake yametoka huko Kinna. Mchuuzi naye, kama alivyokuja kutuambia baadaye huku akicheka hadi machozi, alikuwa ameyachukua alfajiri kibandani kwetu.

Ijumaa ile tulikuwa jikoni tangu mchana, Ayo akikunja sambusa, mimi nikikata vitunguu kwa hasira zote nilizokuwa nazo. Mama mkubwa akaja na mtungi, akafungua kifuniko, akayamimina maziwa kwenye jagi. Harufu ya moshi ikajaa jikoni nzima. Niliinua kichwa. Ayo naye aliinua, akaziona chembe nyeusi zikielea ndani ya jagi. Mama mkubwa akachungulia sebuleni, akaona wazee ni wengi kuliko maziwa, akaongeza vikombe viwili vya maji ya mfereji, akaondoka na jagi lake.

"Ayo!" nikanong'ona.

"Kata kitunguu."

"Lakini yale ni ya..."

"Mtungi yangu naijua. Kata kitunguu."

Sikukata. Nilisimama kwenye ujia wa sebuleni, kisu mkononi, nikatazama. Wazee walikuwa wamejaa kwenye makochi na mazulia. Mlango wa maua ulikuwa wazi, viatu vyao vimepangwa kizingitini. Kaka aliketi katikati, kanzu imepigwa pasi hadi inang'aa, na baba kando yake. Mzee wetu wa benchini akapewa kikombe.

"Hii maziwa imetoka kwa nani?" akauliza.

Hapo ndipo kaka alipojiangusha. Angesema tu, "Tumenunua, adeer," yaani ami, "ngamia tuliuza," wazee wangemcheka, wangemtania kuhusu malori, na dua ingeahirishwa hadi wiki nyingine. Kununua si aibu. Lakini mtu aliyezaliwa kwenye ghorofa hajui kwamba wafugaji hawadanganywi juu ya maziwa.

"Imetoka kwa hii nyumba, adeer."

Mzee akanywa funda moja. Akanywa la pili.

"Ngamia ya hii nyumba inakaa wapi?"

"Iko... iko upande ya Kinna."

"Nani anachunga?"

Kaka akamtazama baba. Baba akatazama zulia.

"Kijana, mimi macho imeisha, ulimi bado," mzee akasema, bila kupandisha sauti. "Hii maziwa nakunywa kila asubuhi. Hii moshi ni ya mama ya Kiwanjani. Isiolo yote hakuna mwingine anafukiza hivi." Akaweka kikombe chini. "Dua inaenda mahali maziwa imetoka. Siwezi kuipeleka pengine. Iteni mwenye maziwa. Na apitie mlango. Mwenye maziwa hatokei jikoni."

Baba aliinuka. Alinipita ujiani kana kwamba sionekani, akaingia jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona maishani mwangu, akasimama kati ya masufuria kama mgeni aliyepotea.

"Mama ya wasichana," akamwambia Ayo, "twende."

Ayo alitaka kunawa unga mikononi. Baba akamsubiri. Wakatoka pamoja kwa mlango wa jikoni, wakazunguka ua, wakapita kando ya lori lililoegeshwa, nami nikakimbia kurudi ujiani ili nisipitwe. Nikawaona wakitokea mbele. Ayo alivua kandambili zake, akaziweka katikati ya viatu vya wazee, zimekaa sawasawa, akapita mlango wa maua kwa mguu wa kulia. Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti na kisu changu cha vitunguu mkononi, na hakuna aliyeweza kusingizia vitunguu.

Mzee akampa kikombe. Ayo akaonja.

"Ni yangu," akasema. Akaonja tena. "Lakini imetiwa maji."

Sebule ililipuka kwa kicheko. Wazee walipigana mapaja, hata baba alificha mdomo kwa kiganja. Mama mkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, hakucheka, na pumzi yake niliisikia shingoni.

Kicheko kilipotulia mzee akauliza, "Katika nyumba yako, nani anasimama?"

Nyumba yako. Alilisema kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Ayo alinitafuta kwa macho, akanyoosha kidole chenye unga. "Huyu mwenye kisu," akasema. Wazee wakacheka tena, kisha wakainua mikono, na dua ikaja kwangu mahali niliposimama, ndefu, pamoja na mvua, mifugo na kura, na kila kituo watu wakisema amin. Baba alisema amin. Kaka alisema pia, baada ya wengine.

Neno la wazee baba hakulivunja. Mabango ya kaka yalibanduliwa kwenye malori, uso wangu ukabandikwa. Kaka alinuna wiki tatu, ya nne akaleta gari lake jeupe na kuniendesha mikutanoni, akilalamika njia nzima kuhusu vumbi. Wanawake wa maziwa walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na mitungi vichwani. Nilishinda, wala si kwa kura za kubabaisha.

Siku nilipotangazwa, malori yote ya baba yalitoka mjini yakipiga honi, yakaja kupanga mstari Kiwanjani hadi mbuzi wa majirani wakakimbia. Kibanda chetu kilijaa watu wa kila dini na kila lugha. Ayo alikuwa akimimina maziwa kutoka mtungi uliofukizwa mara mbili, na maji hayakukaribia.

Gari la mwisho lilimshusha mama mkubwa. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuikanyaga Kiwanjani. Alisimama langoni na buibui yake nzuri, akatazama nyumba yetu ya mabati, akatazama upande huu, akatazama upande ule, na nikaelewa kwamba anatafuta apitie wapi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaandaa neno la kumwambia. Miaka yangu yote nilikuwa nimeliandaa.

Ayo alinitangulia. Alifuta mikono kwenye leso, akaenda hadi langoni, akamshika mkono.

"Pita, dada," akamwambia. "Hapa mlango ni moja tu."