Msishukuru, Farasi Anasikia

Mama yangu ana swali moja ambalo hajaacha kuniuliza tangu nikiwa na meno ya utotoni. Ukipewa kitu, hata kama ni dawa ya minyoo, anakusimamia hapo hapo: "Unasemaje?" Sasa tuko Birmingham, nimebalehe, karibu namaliza shule, na bado ananiuliza mbele ya watu. Mimi hujibu nijuavyo. "Unasemaje?" "Nyama ziko wapi?" "Unasemaje?" "Mngeninunulia ya bluu." Hapo hunitazama kwa jicho la nesi aliyeshika sindano, na unesi ndiyo kazi yake.

Sasa fikiria msichana wa namna hiyo anapewa farasi.

Si kupewa hasa. Mtaani kwetu Winson Green kuna mzee mmoja, Mwingereza, anayepita nyumba kwa nyumba akikusanya vyuma chakavu na matambara. Mkokoteni wake unavutwa na farasi mnene wa rangi ya chai ya maziwa. Nilianza kwa kumpiga brashi baada ya shule, nikaishia kumpanda kila Jumamosi kwenye kiwanja kitupu nyuma ya yadi ya mzee. Nilimwita Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo lake, na kwa sababu alijamba hadharani bila kuomba radhi. Kutoka mgongoni kwake niliona nyua za watu wote. Niliona chupi za mwalimu wangu wa jiografia zikipepea kwenye kamba, na tangu siku hiyo ramani zake hazijanitisha tena.

Mama hakupenda mambo hayo. "Nilikuleta Ulaya usome, si uwe askari wa farasi." Lakini alivumilia, mpaka kanisa letu lilipotangaza ibada ya mavuno, ile Jumapili ambayo watu huleta mazao kumshukuru Mungu. Kasisi alimwomba mzee wa vyuma abebe mazao kwa mkokoteni kutoka ukumbi wa shule hadi kanisani, na waumini wafuate nyuma wakiimba. Siku zilipokaribia, mguu wa mzee ukavimba, hata kiatu hakiingii. Nikaruka: mimi nitampeleka! Tena nitakaa mgongoni kwa farasi, si kwenye mkokoteni kama gunia la viazi.

Mama akaninyooshea kidole. "Ukiniaibisha mbele ya kanisa, habari ya farasi imekwisha. Jumamosi zako zote utafua mashuka na mimi."

Hakuwa anatania. Mama hatanii kuhusu mashuka.

Mazao yenyewe, kusema kweli, mengi yalikuwa ya makopo. Mama alikuja na fungu la sukuma wiki aliyoipanda mwenyewe kando ya choo cha nje, akayakagua makopo ya maharagwe yaliyopangwa mkokotenini. "Haya nayo yamevunwa shamba gani?"

"Shamba la dukani, mama."

"Wewe!" Lakini alicheka, nikapata moyo.

Tukaondoka. Jamani, nilivyojiona! Mheshimiwa alikuwa na maua ya manjano shingoni, mimi juu na buti zangu za mvua, kwaya nyuma inapaza sauti. Tulipopita ukuta wa jela ya hapo mtaani, mtu mmoja alitupigia mbinja kutoka dirisha la juu, nami nikampungia mkono kama malkia. Tukakata kona. Kwenye mlango wa kwanza wa mtaa uliofuata, Mheshimiwa akasimama.

"Haya, twende."

Wapi! Nikambana kwa visigino, nikamkuna shingo, nikamwahidi sukari. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaurudia. Kiwanjani hakuwahi kunifanyia hivi. Mlango ukafunguliwa, akatoka mama mmoja wa Kizungu mwenye vibanio kichwani, akanipa birika lililotoboka. "Nyie hata Jumapili mnafanya kazi?"

Nyuma yangu ikaja sauti niijuayo, kwa Kiswahili, mtaa mzima ukisikia: "Unasemaje?"

Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilijibu vizuri. "Ta," nikamwambia yule mama, maana huku ndivyo watu wanavyosema asante, neno limekatwa likabaki kipande.

Mheshimiwa akaondoka.

Mlango wa pili akasimama. "Ta!" Akaondoka. Nikaelewa! Miaka yote mzee anafika mlangoni, anapokea chuma chake, anasema "ta", anasonga mbele. Kwa farasi huyu akiwa kazini, kushukuru maana yake ni kukanyaga mafuta. Nilipiga kelele kwa furaha. Watoto wa kwaya wakadaka, na kila mlango tukapiga "TA!" kwa pamoja. Watu walitoka na vijiko mikononi, wakashangaa kushukuriwa kabla hawajatoa hata msumari. Mimi niliyebanwa miaka yote niseme asante moja, nilikuwa naimwaga bure mtaa mzima, na ilikuwa raha!

Tukafika kanisani. Mama alitembea kifua mbele, kofia imekaa sawa. Akina mama wa kanisa wakajipanga kupokezana mazao. Wa kwanza akapewa boga.

"Ta, mpenzi," akasema.

Mkokoteni ukaondoka. Wa pili alikuwa amenyoosha mikono kupokea kabichi, akakumbatia hewa. Nikavuta hatamu, nikamrudisha Mheshimiwa. Kabichi ikashushwa. "Ta!" Tukaondoka tena, vitunguu vikabiringika barabarani. Waingereza hawa, huwezi kuwapa hata kitunguu wakanyamaza!

"Msishukuru!" nikapiga kelele kwa Kiingereza. "Jamani, acheni kushukuru!"

Kasisi, ambaye mahubiri yake ya shukrani yalikuwa tayari mfukoni, akaupapasa mfuko huo.

Mama akaja mbio. "Unawakataza watu kumshukuru Mungu? Leo?"

"Si Mungu, mama, ni farasi! Akisikia 'ta' anaondoka!"

Naye akasikia, akaondoka. Makopo yakashuka kama mvua.

Mama alimkimbilia, akamkamata hatamu, akasimama naye macho kwa macho. Niliziona Jumamosi zangu zimeanikwa kwenye kamba, zinachuruzika sabuni.

"Huyu anajua Kiswahili?" akauliza.

"Hata 'haya' haijui."

Mama akawageukia waumini, akatoa ile sauti ya wodini. Kuanzia sasa, akawaambia, kila mtu atasema asante. A-sa-nte. Asiyesema hapewi. Akachukua kabichi, akaanza na kasisi, kabichi ameishika juu. "Unasemaje?"

"Asanti," akasema kasisi.

"Te."

"Asante."

Farasi hakutikisa hata sikio. Boga, asante. Maharagwe, asante. Akina mama wa Kizungu wakaanza kucheka na kushindana kulitamka, mmoja akarudi kwenye mstari ili apewe tena. Mkokoteni ukabaki mtupu, sukuma wiki ikawekwa mbele kabisa karibu na madhabahu. Mimi bado nilikuwa juu, nimekauka, sithubutu kushuka kabla ya hukumu.

Mama akaja akasimama kando ya goti langu. Akalitazama.

"Jumamosi ukienda kumpanda," akasema, "jipake mafuta kwanza. Kanisa zima limeona magoti yaliyopauka, watadhani huna mama."