Kofia ya Babu na Watu wa Shaba

Jirani yangu hupika kanji kila Alhamisi jioni, ili kofia ya mumewe isimame vizuri Ijumaa. Harufu ya ule wanga wa muhogo ikichemka hupenya dirishani kwangu, nzito, tamu kidogo, kama uji uliosahauliwa motoni, nami huinuka nikafunga dirisha. Yeye hudhani nachukia moshi. Sina ugomvi na moshi. Ni kanji inayonipandisha hasira, na hasira hiyo ina umri mkubwa kuliko ndoa yake.

Nililelewa Kinondo, kwa bibi yangu mzaa mama, tukikaa naye mimi na mama yangu, na katika nyumba ile kanji ilipikwa kwa ajili ya kofia moja tu, ya Babu Bakari. Ilikuwa kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono, kazi ya Bibi mwenyewe alipokuwa mwari wa juzi. Kila Idi ilipokaribia aliishusha kwenye msumari, akaifua kwa sabuni na ndimu, akaitia kanji, akaivika juu ya bakuli lililopinduliwa mpaka ikauke. Ikikauka ilikuwa ngumu hata ukiigonga kwa ukucha inaitika. Kisha ilirudi msumarini. Hakuna kichwa kilichoivaa. Mimi sikupata kumwona Babu, na mama yangu pia hakupata kumwona, kwa kuwa alichukuliwa mama akiwa tumboni.

Alichukuliwa wakati wa vita vya Wajerumani, vile vya kwanza. Watu wa serikali walipita vijijini kukusanya wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi, kazi iliyoitwa Kariakoo, na wanaume wa Kinondo wakakimbilia kaya, msitu wetu wa wazee, wakalala humo. Babu alikuwemo. Lakini Bibi alikuwa na mimba, na mimba ilitaka dafu, basi asubuhi moja Babu akatoka kuja kumwangulia. Walimkuta juu ya mnazi. Hawakuwa na haja ya kumkimbiza. Walikaa chini kivulini wakangoja ashuke. Bibi akifika hapo katika kusimulia alikuwa akicheka, nasi tulicheka naye. Leo sioni cha kuchekesha.

Wengine walirudi, wamekonda, wanakohoa. Yeye hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema kwamba amemzika. Basi Bibi akabaki mke wa mtu. Na alikuwa mke wa mtu kwelikweli, si kwa jina. Kila alipotaka kutoka alijitanda kanga, akasimama mbele ya ule msumari, akasema, "Bwana, naomba ruhusa. Nakwenda msibani Msambweni, nitarudi kabla ya magharibi." Alingoja kidogo, kama mtu anayesikiliza, ndipo akatoka. Nilipokuwa mdogo sana niliamini kwamba Babu ndiye ile kofia. Niliiamkia kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, na hakuna aliyenikosoa.

Watu walimsifu. Wanawake wenye mabinti wakorofi waliwaleta wamwone. Subira yavuta heri, walisema, na Bibi aliinamisha uso kwa adabu. Nilisikia pia, kwa wale wanaosema wakidhani mtoto amelala, kwamba zamani Fundi Salimu, mshonaji wa Msambweni, alileta posa. Bibi alikuwa bado kijana, nywele nyeusi, watoto wawili. Baba mkwe wake alimkatiza Fundi kabla hajakaa vizuri mkekani. Alimwambia, "Hapa pana mke wa mtu." Hakuna aliyemwuliza Bibi. Fundi alioa kwingine, lakini kila alipopita kwa baiskeli mbele ya nyumba yetu aliteremka akaikokota mpaka apite, kama apitaye mbele ya msikiti.

Mjomba Hamisi, mtoto mkubwa wa Bibi, alikuwa kuli wa bandari Mombasa, na mji aliupenda kama kwamba ameujenga yeye. Mwaka ule ambao barabara kuu ilitengenezewa yale mapembe makubwa ya ndovu kumlaki mgeni wa kifalme kutoka Ulaya, alikuja Kinondo akaapa kwamba mama yake hafi bila kuyaona. Bibi akasimama mbele ya kofia, akaomba ruhusa ya kuvuka maji. Mara hii alingoja zaidi ya kawaida. Kisha tukaenda, yeye na mimi, kwa basi mpaka Likoni, na kivukoni.

Sitaki kusema uongo, sehemu ya kwanza ya siku ile ilikuwa tamu. Mjomba alitupitisha Mji wa Kale, akatuonyesha milango iliyochongwa maua na minyororo, nami nilitia kidole katika kila ua nililolifikia. Tulitazama ubao wa kinyozi uliochorwa vichwa vya wanaume, kila kichwa na mtindo wake, na vyote vikiwa na pua moja. Tulisimama mbele ya hekalu la Wahindi lenye michoro ya rangi hata macho yaliniuma, Bibi akisema astaghafirullah chini chini huku haondoi macho. Tulipofika kwenye mapembe alizunguka pande zote, akauliza huyo ndovu aliliwa na nani. Mjomba alicheka mpaka akajishika magoti. Alikuwa ameniahidi barafu ya rangi, na nilikuwa nahesabu milango tu mpaka tuifikie.

Hapo ndipo Mjomba aliposema kuna kingine kizuri, karibu tu.

Walikuwa watu wa shaba, wamesimama juu ya jiwe kando ya barabara ileile kuu. Watu weusi kama sisi, wakubwa kuliko watu, macho yametazama mbali. Nilikuwa sijapata kuona sanamu, na chuoni tulifundishwa kwamba malaika hawaingii penye sanamu, basi nilimshika Bibi kanga nikajificha. Lakini yeye alisogea mbele. Alitazama miguu yao kwanza, akapandisha macho taratibu mpaka kwenye nyuso.

"Hamisi, hawa ni nani?"

"Ni wale wa vita vya Mjerumani, mama. Askari na Kariakoo. Serikali imewawekea ukumbusho."

"Ukumbusho wa nini?"

"Wa kufa kwao, mama. Hawa ndio waliokufa."

Alisema kwa fahari. Nataka mjue hivyo, kwa sababu Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alipita pale kila alipokwenda kazini na kila aliporudi, mtoto wa Bakari, na wala haikumpitia akilini kwamba anapita mbele ya baba yake. Naye alikuwa amelelewa chini ya ule msumari kama mimi.

Bibi aliuliza wamesimama hapo tangu lini. Mjomba akasema aliwakuta alipokuja mjini kutafuta kazi, na alikuja akiwa kijana hajaota ndevu. Bibi akaonyesha maandishi kwenye jiwe, akataka asomewe majina. Mjomba alisoma, midomo ikitembea, akazunguka upande wa pili akasoma tena. Yalikuwa maneno mazuri ya kuwashukuru. Majina hayakuwemo.

"Basi aliambiwa nani?" Bibi aliuliza.

Mjomba hakumwelewa.

"Waliwafulia shaba, wakawajengea jiwe, wakawaandikia. Walijua wamekufa. Nauliza, aliyekuja kuambiwa ni nani?"

Alikaa chini palepale, kwenye ngazi ya jiwe, akavua bangili zake, akavua vipuli, akavifunga vyote katika ncha ya kanga yangu. Sikujua anachofanya. Mwanamke wa pwani akifiwa na mume huvua mapambo, hilo nililijua, lakini mume wa Bibi alikuwa Kinondo, msumarini. Askari polisi akaja kusema pale si mahali pa kukaa. Mjomba, jasho likimtoka, akamwinamia mama yake akasema, "Mama, twende, watu wanatutazama." Bibi akamjibu kwamba hao wa juu wametazamwa miaka yote na hawajafa kwa hilo, maana walikwisha kufa. Nilianza kulia, na nilikuwa nalilia barafu.

Tuliporudi Kinondo aliingia ndani kukaa eda. Alifunga dirisha, akajifunika nguo nyeupe, akasema ndiyo kwanza amepata habari, na sasa ataanza kuhesabu miezi yake minne na siku kumi. Watu walikuja kutoa rambirambi, wengine wakiuma midomo wasicheke. Na Mwalimu Athumani wa msikitini alikuja, mzee mpole, akaketi upande wa pili wa pazia. Mimi nilikuwa ndani na Bibi, nikimpepea.

"Binti Juma," alisema Mwalimu, "usijitaabishe. Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari. Yako ilikwisha zamani, wewe hujui. Huna unachodaiwa."

Alidhani anamletea nafuu. Bibi aliushika mkono wangu, nikaacha kupepea.

"Mwalimu, sheria hiyo imeshuka leo?"

"La, ni ya tangu na tangu."

"Na mtu akipotea bila habari, sheria inasemaje?"

"Hupelekwa shauri lake kwa kadhi. Kadhi hutazama muda, akahukumu kuwa amekufa, na mke akawa huru."

"Kadhi yuko wapi?"

"Yuko Mombasa."

"Mombasa hapa. Safari ya basi na kivuko tu." Sauti yake haikupanda. "Nanyi mlijua, wewe na marehemu baba mkwe wangu, na kila mwenye kilemba katika mji huu. Mlinitazama nikiomba ruhusa kwa kofia, mkawaleta mabinti zenu waje kujifunza."

Nilisikia tasbihi ya Mwalimu ikipita kidoleni, chembe baada ya chembe. Kisha akatafuta viatu vyake, akaaga.

Baadaye siku ileile alikuja Fundi Salimu, sasa ndevu nyeupe, akasimama mlangoni asiingie. Alisema maneno ambayo kila mtu huyasema msibani, "Mola akupe subira." Bibi alimjibu kutoka ndani, "Subira ninayo mpaka ya kuuza, Salimu. Niombee kingine." Yule mzee aliangua kilio mbele za watu, na wanawake wakatazamana.

Kesho yake asubuhi Bibi alifungua dirisha. Alijitanda kanga, akachukua kapu, akapita mbele ya msumari kama mtu apitaye mbele ya ukuta. Nilimkimbilia mpaka uani. Nilidhani amesahau.

"Bibi, hukumwaga Babu. Hukuomba ruhusa."

Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona kwake kabla, wala haikunilenga mimi.

"Nani anipe ruhusa?" alisema. "Mimi si mke wa mtu."

Akaenda zake. Alirudi baada ya magharibi, usiku umeingia, na hakusema alikokwenda, na mama yangu hakuthubutu kumwuliza. Idi ilipofika kanji haikupikwa. Kofia ilibaki msumarini, ikalegea, ikawa ya manjano, mpaka mende wakaianza ukingoni. Mimi niliumia. Nilimwona Bibi mkatili, nikajaribu siku moja kuifua kwa siri, nikaiharibu zaidi.

Nilikuwa mtu mzima, mjane mwenyewe, nimekaa eda yangu na kuimaliza na kutoka nje juani, ndipo nilipoelewa alichoambiwa siku ile nyuma ya pazia. Miezi minne na siku kumi, hiyo ndiyo iliyokuwa haki ya Babu juu yake. Baada ya hapo angeweza kutoka, kuolewa na mshonaji, kuzaa, kugombana, hata kuachwa akitaka. Wakamwacha ailipe tena na tena mpaka nywele zikawa nyeupe, na malipo hayo wakayaita sifa.

Watu wa shaba bado wamesimama pale Mombasa. Juzi nilipita, nikakuta msichana anawapiga picha, akaniomba kwa adabu nisogee kidogo kwa sababu namzibia. Sikusogea. Nilisimama pale chini ya miguu yao, nikalitaja jina la bibi yangu kwa sauti, Mwanakombo binti Juma, maana kwenye jiwe lile hata la mumewe halimo, nikalitaja mara ya pili, yule msichana akashusha kamera yake akaniuliza huyo ni nani kati yao.

Nikamwambia, huyo ni aliyekuwa hai.