Tulivyomwita Mama wa Watu Mwizi

Iko siku moja ya mvua ninayoikumbuka, mwanangu, siku ya mbali sana na hapa, na nikiikumbuka mpaka leo damu hunichemka. Nimesikia umepata safari ya ng'ambo. Jana rafiki zako walipokuja kukuaga nilikuwa nimeketi pale pembeni, nikawasikia wakikufunza: huko usimwamini mtu, shika mfuko wako, kila anayekusogelea ana lake jambo. Nikanyamaza kwa sababu walikuwa wageni wako na chai yao ilikuwa bado moto. Sasa wameondoka. Vuta kiti.

Mimi nilizaliwa katika nyumba za reli pale Muthurwa, baba akiwa fundi wa mabehewa. Enzi hizo kijana wa Eastlands aliyetaka kujulikana alicheza mpira au alipigana ndondi, na miguu yangu haikuelewana na mpira. Kila jioni nilikuwa kwenye ukumbi wa mtaa nikipiga gunia la mchanga, na Mwalimu Mutiso akinitazama. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya chini, mchana akishona viatu, jioni akitufunza ngumi bila kututoza kitu. Miaka ya themanini ilipoanza tukaalikwa kwenye mashindano Bangkok, huko Thailand, mimi na Juma, pande la mtu kutoka Shauri Moyo.

Mwalimu hakwenda. Sikia hapo vizuri. Mtu aliyetufunza hata kufunga kamba za glavu aliachwa na viatu vyake vya watu, na kiti chake cha ndege kikakaliwa na mwenyekiti wa klabu, ambaye maishani mwake hakuwahi kupigwa ngumi hata ya mzaha. Jina lake silitaji. Amekwisha kufa, na watoto wake wako hapo Donholm, hawana kosa. Nitamwita Mwenyekiti tu, maana ndivyo alivyopenda kuitwa, hata na mkewe.

Tulipofika, Mwenyekiti akawa mtu wa teksi. Sisi wawili tukaambiwa tutajijua. Basi nikajifunza kutembea katika jiji ambalo herufi zake zimejikunja kama mashina ya kunde, sijui kusoma hata neno moja. Nilikuwa na kiberiti cha hoteli chenye anwani kwa lugha yao. Nikipotea namwonyesha mtu, naye ananielekeza kwa kidole, au ananishika mkono kabisa mpaka kituoni. Watu walinitazama, ndiyo. Mtoto mmoja alinigusa mkono aone kama rangi itatoka. Niliudhika, sitakudanganya. Lakini njia walinionyesha.

Siku ya kwanza nilipopanda basi peke yangu kwenda mazoezini, nilisimama, mfuko wangu wa nguo begani. Kondakta alipita akitikisa mkebe wake mrefu wa bati wenye tikiti na sarafu, kelele tupu. Mara nikahisi mfuko unavutwa. Nikashusha macho, nikaona bibi mmoja aliyeketi ameushika ukanda wake. Mimi mtoto wa Muthurwa! Pale stendi ya mabasi jirani na kwetu, mfuko ukivutwa huulizi, unarusha ngumi. Nilikaza mkono. Kisha nikatazama upande wa pili, nikaona msichana ameketi na vitabu vya wanafunzi watatu mapajani, na mzee mwingine amepakata kapu ambalo si lake. Kila aliyeketi alikuwa amempokea mzigo aliyesimama. Ndiyo desturi yao. Nikauachia, na bibi yule akaupakata mpaka niliposhuka, akanirudishia akiwa ameupangusa vumbi.

Nilicheka peke yangu njia nzima. Maana hata kwetu, mama akisimama na mtoto basini, aliyeketi humpokea mtoto bila kuuliza jina lake. Mtoto tunampa mtu tusiyemjua, mfuko hatumpi. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, walisema wahenga, nami siku ile nililifumba.

Sasa ndiyo nifike kwenye ile siku ya mvua. Ilikuwa siku yangu ya kupigana. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka barabara zikawa mito, teksi zimezimika ovyo, ni mabasi tu yanayokata maji. Mwenyekiti, kwa shingo upande, akapanda basi nasi. Suti, tai, na kile kimfuko chake cha ngozi chenye paspoti zetu, kimekumbatiwa kifuani. Tulisimama katikati, mimi nyuma yake, Juma karibu na mlango.

Pembeni yake aliketi mama mmoja wa makamo, kapu miguuni. Basi likayumba, Mwenyekiti akapepesuka, na yule mama akanyoosha mkono kukipokea kimfuko.

"Mwizi!" Mwenyekiti akanguruma. "Mwizi huyu! Juma, funga mlango!"

Alimkamata yule mama kifundo cha mkono, akakisokota kama mtu anayekamua nguo. Mama akapiga ukelele. Kapu likapinduka. Na Juma, kwa mazoea yetu ya nyumbani, akasimama mlangoni kifua mbele, asitoke mtu. Abiria wakatukodolea macho. Hakuna aliyeelewa neno, lakini mkono wa mwenzao ulikuwa ukisokotwa mbele yao na mgeni mwenye tai.

Neno hilo, mwanangu, mimi nalijua uzito wake. Utotoni nilimwona mtu akiangushwa kwa neno hilo hapo Muthurwa, mawe yakammaliza, na jioni ikajulikana mfuko ulikuwa wake mwenyewe. Waliopiga kelele walikwenda zao kula. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuomba radhi kwa maiti. Na mtu mzima, mwenye watoto, analitamka neno lile lile ugenini, kwa mtu aliyemnyooshea mkono wa wema! Nilimgusa bega, nikamwambia, "Mzee, si mwizi, ni desturi yao." Nililisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Akanijibu bila kugeuka, "Nyamaza wewe." Nami nikanyamaza.

Basi likasimamishwa, polisi akaja, tukapelekwa sote kituoni. Mama yule aliketi kwenye benchi, mkono umevimba, kapu mapajani. Kulikuwa na afisa mmoja aliyejua Kiingereza kidogo, na Mwenyekiti akammwagia chake chote: yeye ni mgeni wa heshima, ameibiwa mchana kweupe, anataka huyu mwanamke afungwe, la sivyo atawaambia wakubwa. Afisa akaandika. Mama hakuelewa anasemwa nini, lakini alielewa anafungwa. Alilipindua kapu lake juu ya meza ya polisi, yakatoka maembe na sare ya shule ya mtoto, basi. Akatutazama mmoja mmoja. Tazameni wizi wangu, ndivyo macho yale yalivyosema.

Nikamvuta Mwenyekiti kando. "Mzee, mwambie umekosea. Mimi mwenyewe nimepokewa mfuko hivyo hivyo. Huyu mama atalala ndani bure."

"Wewe Njoroge, unataka kuniaibisha mbele ya hawa watu? Hapa tuko nchi ya wenyewe. Sisi Wakenya lazima tushikane. Damu ni nzito kuliko maji."

"Kushikana kwa uongo, mzee?"

"Unataka kupigana leo ama hutaki?" akaniuliza polepole. "Jina lako ni mimi nimeliandika."

Juma akaninong'oneza, "Wachana na yeye, maze. Hii si vita yako. Umekimbia asubuhi mwaka mzima kwa sababu ya leo."

Na ilikuwa kweli. Mwaka mzima nilitoka kitandani kabla ya jogoo, nikakimbia kandokando ya reli na baridi ya Julai ikinikata masikio, nikajinyima ugali wa mama nibaki kwenye uzani wangu. Kwetu hakukuwa na kijana aliyewahi kupanda ndege. Lakini nilipomtazama yule mama akiikunja tena sare ya mtoto wake kwa mkono mmoja, nikarudi mbele ya meza ya afisa.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba. Nikaona nitachezesha mwili. Nilimsimamisha Juma katikati ya chumba na mfuko wake begani, nikavuta kiti, nikaketi, nikajitikisa kama niko basini. Kisha nikauvuta mfuko wa Juma, nikaupakata, nikatazama nje ya dirisha lisilokuwepo. Nikatikisa ngumi yangu kama mkebe wa kondakta. Tulipofika "kituo", nikainuka nikamrudishia Juma mfuko wake. Halafu nikamwonyesha Mwenyekiti kwa kidole, nikamwonyesha mama, nikatikisa kichwa: hapana.

Polisi wakatazamana. Mmoja akaangua kicheko, kisha kikamfia alipouona ule mkono uliovimba. Afisa akamwuliza mama jambo kwa upole. Mama akajibu kwa maneno machache makali, bila kumtazama yeyote kati yetu.

"Anasema," afisa akatuambia, "aliona umechoka na mfuko ni mzito."

Ungekuwa wewe ni Mwenyekiti ungeomba ardhi ikumeze. Yeye alirekebisha tai. Akamnyooshea mama mkono, akitabasamu tabasamu lake la mikutano ya klabu, na mama akaupita ule mkono, akachukua kapu lake, akatoka mvuani. Mimi hakuniangalia pia.

Jioni ile jina langu lilisomwa ukumbini. Mpinzani wangu akapanda ulingoni peke yake, akainuliwa mkono bila kutoa jasho. Mwenyekiti alikuwa amewaambia wenyeji kwamba mimi ni mgonjwa. Mgonjwa! Nimeketi pale kwenye viti vya watazamaji, mzima wa afya, namsikia mtu akipigiwa makofi yangu. Na tuliporudi Nairobi, hadithi ilikwisha kutangulia: Mwenyekiti alimkamata mwizi Bangkok kwa mikono yake, na yule kijana wa reli akaadhibiwa kwa utovu wa nidhamu. Watu walimnunulia soda. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Mimi aliyenila tulitoka mtaa mmoja.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mutiso nikiwa natoa moshi. Nilimkuta kwenye kibanda chake, sindano mkononi na kiatu cha mtu kwenye goti. Nikamsimulia yote, pambano langu lilivyoporwa, mwaka wangu ulivyoliwa. Nilitaka anionee huruma, ikiwezekana aende akamtukane Mwenyekiti kwa niaba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona.

"Mkono wa yule mama ulivimba?" akauliza.

"Ulivimba, Mwalimu."

"Ulivimba kituoni au basini?"

"Basini."

"Na basini wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikasema nilikuwa nyuma ya Mwenyekiti kabisa. Ningeweza kumshika mkono. Nilikuwa na mikono myepesi kuliko kijana yeyote Eastlands, yeye ndiye aliyenifunza.

Mwalimu akauma uzi, akaukata. "Tangu uingie hapa umesema pambano langu, mwaka wangu, jina langu. Yule mama umemtaja kwa sababu yuko njiani tu. Kituoni ulifanya jambo la kiume, siwezi kukunyang'anya hilo. Lakini hasira yako ilichelewa, Njoroge, na ilipofika ilikuja kwa ajili yako mwenyewe. Mimi yangu ni ya ule mkono."

Nikaaga nikaenda zangu. Nilimkasirikia Mwalimu pia, miezi kadhaa. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba yeye, aliyeporwa kiti cha ndege na mtu yule yule, hakutaja kiti hicho hata mara moja.

Basi nakwambia, mwanangu. Nenda, na mfuko wako ushike, wezi wako kila nchi, sikukatazi. Lakini hofu ya mtaani kwako usiifanye sheria ya nchi za watu. Ukifika, nyamaza kwanza utazame wenyeji wanaishije, wanapeana nini, wanapokeana vipi. Usilolijua uliza, na usimpe mtu jina baya kwa sababu tu hujamwelewa, maana maji yakimwagika hayazoleki. Akikudharau mtu kwa rangi yako, kasirika, una haki. Mwenzako wa nyumbani akimdhulumu mwenyeji, kasirika zaidi, na umwambie pale pale, mkono ungali mzima. Atakwambia ninyi ni ndugu, mshikane. Mwambie ndugu hushikana mkono ili wasidhulumu. Na kama itakugharimu safari, ikugharimu. Mimi ilinigharimu pambano na bado nimekula ugali mpaka uzee huu.

Mungu akufikishe salama, akupe wenyeji wema, na wewe ukawe mgeni asiyewajutisha. Akurudishe ukinikuta hai. Na hasira yako, mwanangu, Mungu aitakase iwe ya haki, kisha aiwahishe.